Ejo, Kwenye Daraja

Ufukweni Cyangugu, upande wa Rwanda wa ziwa Kivu, Patricie alijulikana kwa mambo mawili, jiwe lake na Kinyarwanda chake.

Jiwe lilikuwa bapa, karibu kabisa na maji, pale ambapo kundi la Protais lilipandisha mitumbwi yake kila alfajiri. Ilikuwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, na taa za karabai zilizozimwa punde tu, bado zina joto. Mwanamke aliyekalia jiwe lile ndiye aliyepimiwa sambaza wa kwanza, samaki wadogo kama dagaa, wale ambao bado wanarukaruka, na Patricie alikuwa amelikalia tangu aliporudi nchini. Alipumzika siku za mwezi mpevu tu, wavuvi wanapobaki nyumbani kushona nyavu, kwa sababu sambaza hawana haja na taa ya mtu wakati mbingu yenyewe inawaka. Siku nyingine zote alikuwa pale kabla ya jogoo, kitenge kimemzunguka mabegani, mikono kwapani kwa baridi. Ukichelewa mara moja unakuta mwenzio amekaa, na ufukweni hakuna kesi ya jiwe.

Kinyarwanda chake kilikuwa kichekesho cha bure cha wavuvi. Patricie alivushwa daraja la mto Rusizi kuingia Kongo akiwa mgongoni kwa mama yake, mwaka ule nyumba zao zilipochomwa, akakulia Bukavu, akaolewa Bukavu, akamzika mume Bukavu, na akarudi Rwanda mwaka tisini na tano akiwa mtu mzima na binti mmoja, Bella; wa pili alimwacha kaburini. Kiswahili ndicho kilichokuwa kinywani mwake. Wavuvi wakimwona wanainua kasia: "Maman Bella, hii kwa Kinyarwanda inaitwa namna gani?" Naye akijibu, watu wanashika mbavu. Wengine walimwita Muzayiruwa, mtu wa Zaire. Kule Bukavu alikuwa ameitwa Munyarwanda maisha yake yote. Majina yote mawili yalimchosha, lakini hili la Muzayiruwa lilimchosha zaidi kwa sababu alidhani amefika.

Mwanzoni alicheka pamoja nao. Baadaye aliacha kucheka, na baadaye tena akaacha kuuliza. Neno likimpita aliitikia kwa kichwa na kuendelea na shughuli zake. Kuuliza si ujinga, wahenga wamesema, lakini wahenga hawakuwahi kuuliza kitu mbele ya wavuvi wenye njaa na usingizi. Na ajabu ni kwamba sambaza wenyewe ni wageni ziwani Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika enzi za Wabelgiji, karibu na wakati ule ule Patricie alipovushwa mgongoni. Hakuna aliyewahi kuwauliza sambaza wanatamka vipi. Wanakaangwa tu.

Biashara yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuifanya. Anapimiwa samaki ufukweni, anajitwika basini, yaani beseni lake, anapanda na kushuka hadi darajani, na pale anamkabidhi Antoinette. Antoinette alikuwa Mushi, mtu wa kabila la wenyeji wa Bukavu, mtaa wa Nguba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha kanisa, na ndiye aliyewauza sambaza kwenye soko la mjini kabla jua halijawaharibu. Patricie alimwita yaya, yaani dada mkubwa. Bukavu ndiko kuliko na midomo. Mji mzima ulikula sambaza, na Cyangugu iliuangalia ukila.

Tena si samaki peke yao waliowaunganisha. Uani kwa Antoinette, katika chumba alichokuwa amepanga Patricie zamani, alibaki Mukandori, mama yake.

Mukandori alikataa kurudi. Mwaka wa tisini na tano binti alimbembeleza siku nzima, mizigo imefungwa, na bibi akakaa kwenye kigoda chake kama mwenye nyumba. Alisema daraja lile alilivuka akikimbizwa, mtoto mgongoni, na ng'ambo hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumpokea. Hatalivuka tena kama mtu asiye na watu. Patricie alimjibu kwamba watavuka pamoja, sasa watu anaowataka ni akina nani? Bibi akasema tangulia wewe, ujenge, kisha tutaona. Ikapita vita ya kwanza, na Mukandori akaipitisha chini ya kitanda cha Antoinette. Akatoka na vumbi kichwani, akaomba chai.

Vita ya pili ilipoanza, Agosti ya mwaka wa tisini na nane, mambo yalikuwa mengine. Watu walianza tena kutazamana pua mitaani, wakitafuta nani ni Munyarwanda. Asubuhi moja darajani Antoinette alipokea basini la samaki, akaliweka chini badala ya kuondoka nalo.

"Maman Bella, mama amekubali," alisema. "Anasema atavuka. Mi naweza kumuficha mara moja, lakini mara mbili, bajirani biko na macho. Anasema siku ya tatu kutoka leo. Lakini wewe njo utamungoja hapa, kwa mwisho wa daraja, na miguu yako mwenyewe. Akikosa kukuona, atarudia."

"Atarudia wapi, yaya? Hii ni vita."

"Nilimuambia vile vile. Alikatala. Unamujua mama yako kuliko mimi."

Patricie alimjua. Alirudi nyumbani akafagia hata nyuma ya nyumba, akaazima godoro, akatafuta kigoda cha kufanana na kile cha Nguba. Alifurahi kwa namna ya mtu aliyechoka, yaani alikaa chini katikati ya kufagia na machozi yakamtoka bila sauti.

Daraja likafungwa kesho yake.

Lilifungwa bila tangazo, kama kawaida yake. Walinzi wa upande huu hawakujua kitu, wa upande ule hawakusema kitu, na hakuna anayetoa sababu kwa wauza samaki. Kila asubuhi Patricie aliteremka akatazama, akakuta chuma cha kizuizi kimelala njiani. Akaangalia Nguba, ng'ambo tu pale, nguo za watu zimeanikwa, moshi wa majiko unapanda. Angeweza karibu kuhesabu sufuria. Mama yake alikuwa mahali fulani chini ya moshi ule, naye hakuwa na njia ya kumpelekea hata neno.

Na samaki waliendelea kuvuliwa, maana vita haikuwa yao. Protais, mtu wa kisiwa cha Nkombo, mkavu kama kamba, alimpimia asubuhi na kumwangalia akisita.

"Maman Bella, unachukua ama unaacha? Samaki haingojaka politiki."

Alichukua. Angefanya nini? Kuacha kuchukua ni kuacha jiwe. Aliwaanika sambaza mchangani, akafukuza kunguru, akawageuza, na walipokauka akawapandisha vilimani, Nkungu leo, Gitambi siku nyingine, kwa wakulima ambao babu zao walionja samaki kwa bahati mbaya. Wazee walichungulia basini na kusema vidudu hivi vinawatazama. Wake zao walinunua konzi moja, au walibadilisha kwa maharage na viazi vitamu. Patricie alipanda na samaki na kushuka na viazi, vizito kuliko samaki, na magoti yakaanza kulia kama mlango. Alikuwa na miaka arobaini tu. Alijiona wa sabini.

Usiku mmoja alilala Gitambi, kwa binti yake Bella aliyeolewa huko, na alfajiri miguu iligoma kabisa. Bella akamwambia lala, mama, kwani darajani kuna nini zaidi ya chuma? Patricie akalala siku nzima. Ndiyo siku pekee ambayo hakuliona daraja tangu lilipofungwa.

Asubuhi iliyofuata alikuwa barabarani akirudi, viazi kichwani, lori lilipotokea mbele yake likienda Bugarama kupakia mchele. Juu ya turubai alikaa Kalisa, mpagazi wa darajani, kijana wa milimani asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Alimtambua, akasimama huku ameshika kamba, akapiga kelele kwa Kinyarwanda wakati lori linampita.

"Mama Bella! Umukecuru wawe! Ejo, ku kiraro!"

Mama yako mzee. Ejo. Darajani. Vumbi likafunika yaliyobaki, na Kalisa akaenda zake kwenye joto la Bugarama akiwa ametimiza alichotumwa. Patricie alibaki pembezoni mwa barabara. Ejo! Kwake ejo ilikuwa kesho. Kesho mama anavuka! Aliwapa viazi watoto wa kwanza aliokutana nao, ili akimbie.

Usiku huo hakulala, na alfajiri alikuwa kwenye jiwe lake. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi wavuvi walirudi wakiimba tangu mbali, maana kundi lililokosa huwa halina wimbo. Sambaza walikuwa wanene, weupe, wanateleza vidoleni. Patricie akasema leo hauzi.

"Mama anakuja," alisema.

Protais alichota wa juu kwa mikono yake mwenyewe. "Basi hizi ni za mzee. Umukaangie muzuri."

Aliwakaanga kwa mafuta ya mawese na pilipili kidogo, akawafunga kwenye sahani mbili, akavaa kitenge chake cha kanisani. Alifika darajani kabla ya walinzi kumaliza kunawa uso. Chuma kilikuwa kimelala. Kitainuka, alijiambia. Akasimama mwisho kabisa wa daraja, pale alipotakiwa, hakukaa hata jua lilipopanda, maana alitaka aonekane kwa mbali na mtu mwenye macho mabovu. Walinzi walimzoea, hawakumfukuza. Saa sita ikapita. Jasho likashuka mgongoni, mafuta ya samaki yakaanza kulowesha kitambaa.

Aliyekuja kumwokoa, au kumuua, ni Joselyne, mwanamke aliyeuza chai na mandazi kando ya kizuizi. Alimletea kikombe.

"Maman Bella, tangu asubuhi unasimama. Unangoja nani?"

"Mama yangu. Anavuka leo."

Joselyne alishusha kikombe. "Mama yako? Mbona mama yako alikuja?"

"Alikuja wapi?"

"Hapa! Juzi. Daraja ilifunguliwa asubuhi, ikafungwa saa sita. Kabibi na fimbo, iko na Antoinette nyuma yake na kifurushi. Si njo yeye?"

Patricie alisema kwamba Kalisa mwenyewe alimwambia jana, juu ya lori, alimwambia ejo. Joselyne akacheka kabla hajajizuia.

"Ejo! Ejo yenye ilipita, Maman Bella! Ejo ni jana, na ejo ni kesho. Kalisa alisema jana yake, siku mama alikuja. Wewe ulisikia ejo gani?"

Kisha alimwona usoni, na kicheko kikamfia mdomoni.

Kila Munyarwanda anajua kwamba neno lile lina pande mbili. Kitenzi ndicho kinachokuonyesha upande, na kama hakuna kitenzi unauliza: iliyopita au ijayo? Mtoto wa miaka mitano anauliza. Lakini nyumbani kwa Mukandori, Bukavu, lugha mbili zilikuwa zimegawana kazi. Ya nyuma yalisemwa kwa Kiswahili, na jana ilikuwa jana. Ejo ilibaki kwa jambo moja tu. Kila jioni ya utoto wake Patricie alimsikia mama akisema, huku akigeuza ugali, ejo tuzataha, kesho tutarudi kwetu. Kwa miaka karibu arobaini ejo haikuwahi hata siku moja kuelekea nyuma. Na kama siku ile barabarani shaka ingemgusa, angemuuliza nani? Lori lilikuwa linakimbia, na hata lingesimama, alikuwa ameshaapa kutowapa tena watu cha kuchekea.

"Niambie yote," alimwambia Joselyne.

Joselyne akasema yote. Bibi alivuka polepole, akipumzika kila hatua chache, hadi pale mwisho, pale pale aliposimama Patricie sasa. Hakuingia. Macho yake hayakuona vizuri, kwa hiyo kila mwanamke aliyepita na basini kichwani alimshika nguo akamuuliza, wewe ni Patricie wangu? Nina binti anauza samaki. Watu walicheka, maana ukisema hivyo pale darajani umetaja nusu ya wanawake. Joselyne alimpa kiti chake, akakikataa. Alimwambia ingia, mama, ungojee ndani, binti atakuja. Akasema, mimi nilisema nimkute hapa. Kalisa akaahidi kumtafuta binti huyo popote alipo. Saa sita walinzi wakasema wanafunga, achague, huku au kule. Alisimama kidogo tena, kisha akageuka. Antoinette alilia kwa sauti. Yeye bibi hakulia.

Patricie alisikiliza mpaka mwisho. Alijichukia kuanzia kichwani hadi miguuni, hasa miguuni, iliyolala Gitambi siku ile kati ya siku zote. Alimwachia Joselyne sahani zote mbili. Hakuweza kuwatazama samaki wale.

Baada ya hapo hakupanda tena vilimani. Asubuhi alichukua samaki wachache kwa Protais, akawauza hapo hapo kwa yeyote aliyepita, kisha akakaa kando ya kizuizi mpaka jioni. Bella alimtumia maneno aje apumzike. Hakwenda. Biashara ilidhoofika, naye pia. Watu walioanza kumwonea huruma walimchosha kuliko waliomcheka.

Daraja lilifunguliwa mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha. Chuma kiliinuka, walinzi wakatangaza ni mpaka jioni tu, na wanawake wakamiminika pande zote mbili, basini kwa basini. Patricie hakungoja mtu. Alivuka mikono mitupu, akakutana na Antoinette katikati ya daraja, na Antoinette alimkumbatia akasema tu, "Iko muzima. Twende."

Mukandori alikuwa kitandani, ameegemezwa kwenye ukuta. Alimpapasa binti uso, masikio, nywele, mpaka akaridhika.

"Nilikukosa," alisema.

"Mama, nilikuwa Gitambi. Nilikuwa nauzisha samaki. Kalisa aliniambia ejo, na mimi..." Akamweleza yote, akifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Bibi alitikisa kichwa taratibu. "Mimi njo nilikufundisha ile ejo," alisema. "Usilie. Nilikufundisha nusu."

"Twende leo, mama. Daraja iko wazi. Nitakushika mkono tangu hapa mpaka kwa mulango."

Mukandori alivuta blanketi pembeni. Miguu ilikuwa imevimba, inang'aa, ngozi imekaza. Ilikuwa wazi hata kwa mtu asiye daktari kwamba miguu hiyo haitabeba mtu.

"Ile siku ilikuwa miguu ya mwisho," alisema. "Niliitumia yote. Nilisimama pale nikaona inchi yangu, karibu vile unaona ule mulango. Lakini muntu wangu haikuwa. Nikarudi, na miguu ikaisha."

"Tutakubeba. Nitaleta bantu na machela."

"Nilitoka mule nikibeba muntu mugongoni. Sitaingia nikibebwa."

Patricie hakumbembeleza. Siku nyingine angembembeleza, angepiga magoti, angemwita mchungaji. Leo hakuwa na nguvu ya kushindana na mtu anayesema kweli. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaiweka miguu ile mapajani mwake, akaanza kuikanda, na bibi akafumba macho. Antoinette aliingia na chai, akatoka, akaingia tena. Uani kivuli cha ukuta kilirefuka. Basi Patricie aliwaza jiwe: kesho mwenzake mmoja angelikalia, na keshokutwa lingekuwa la huyo mwenzake. Aliwaza godoro la kuazima na nyumba iliyofagiwa. Aliwaza Bella. Kila kimoja alikiwaza kwa zamu, bila haraka, na mikono yake haikuacha kukanda.

Nje wanawake walianza kukimbia kuteremka, mabasini matupu yakigongana, wakiitana majina wasiachwe.

"Maman Bella," Antoinette aliita kutoka mlangoni, "banafunga daraja."

"Nimesikia, yaya."

Akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda cha mama yake.